Chujio au Kififishi? Istilahi ya Upigaji Picha za Mwezi kwa Darubini

Makala haya yanachunguza iwapo neno chujio linatosha kutaja vioo vyote ambavyo mpiga picha hufunga kwenye darubini anapoulenga mwezi.

Katika matumizi ya kila siku, anayechuja hutenga: majani hubaki kwenye chujio, chai ikapita. Vyama vya siasa nchini Kenya navyo hufanya kura za mchujo ili kuteua wagombea. Nguo iliyochujuka, kwa upande mwingine, haikuteuliwa kwa lolote. Imepungukiwa na rangi tu. Mzizi ni mmoja, maana ni mbili.

Tofauti hiyo hujitokeza pia kwenye darubini. Mwezi huakisi takribani asilimia 12 tu ya mwanga wa jua unaoufikia, lakini ukiwa mpevu humchosha macho anayeutazama kwa darubini kubwa. Ndipo hutumika kioo cha kijivu, ambacho hupunguza rangi zote kwa kiwango kimoja. Hakiteui chochote. Aidha, humfaa mtazamaji kuliko mpiga picha, kwani kamera yaweza kufupishiwa muda wa kupokea mwanga. John William Draper, aliyeupiga mwezi picha jijini New York mwaka 1840, alilazimika kuacha mwanga uangukie bamba lake kwa dakika kadhaa. Leo sehemu ndogo ya sekunde hutosha.

Kioo chekundu kina kazi tofauti. Msukosuko wa hewa huyumbisha mawimbi mafupi ya mwanga, yaani ya buluu, kuliko mawimbi marefu ya wekundu. Kioo hiki huzuia buluu na kupitisha wekundu, hivyo kingo za kreta hujitokeza bayana zaidi. Hapa pana kuchuja hasa. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba buluu iliyozuiwa si makapi. Miamba ya Bahari ya Utulivu, ilikotua Apollo 11 mwaka 1969, ina titani nyingi na huelekea ubuluu ikilinganishwa na ile ya Mare Serenitatis iliyo jirani. Anayelinganisha picha ya kioo chekundu na ya kioo cha buluu huiona tofauti hiyo ambayo macho matupu hayaioni. Kwenye chai, hakuna anayeyarudia majani.

Yapo yasiyowezekana kwa kioo chochote. Mwezi mpevu hupigwa na jua moja kwa moja, vivuli vikatoweka na milima ikaonekana bapa. Usiku wa saba hivi baada ya mwandamo ndio ufaao.

Inapendekezwa, basi, kwamba chujio libaki kwa vioo vya rangi, na kile cha kijivu kiitwe kififishi. Vipande vidogo vya rangi vilivyomo ndani ya kamera nyingi za kidijitali navyo ni machujio: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Mwanafunzi anayefunga kioo chekundu mbele ya kamera ya aina hiyo hutumia robo tu ya vitone vyake. Kamera ya nyeusi na nyeupe ingemfaa zaidi.