Programu ya Chama Chako: Iandike na Mwenzako, Kisha Muisafishe Pamoja

Je, unajifunza kuandika programu? Basi hii ni yako.

Mimi nilisomea masoko, si kompyuta. Hata hivyo, nilijitolea kuandikia chama chetu programu ndogo ya kuhesabu michango. Kila mtu alitoa Sh500 kufikia Ijumaa, na ukichelewa, faini ni Sh50. Ilifanya kazi vizuri tu, hadi tulipokubaliana faini iwe Sh100.

Shida ni kwamba kiasi cha faini nilikuwa nimekiandika sehemu tatu. Nilibadilisha mbili, ya tatu nikaisahau. Mama mmoja aliyechelewa akapokea ujumbe wa kulipa Sh550, akalipa. Ripoti ya mweka hazina ikasema bado anadaiwa Sh50! Alisimama mkutanoni akiwa ameinua simu yake: “Lakini nimelipa!” Niliona aibu. Kosa lilikuwa langu.

Rafiki yangu anayeandika programu akaketi nami Jumamosi moja. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Watu wawili, kibodi moja

Mmoja anaandika, mwingine anasoma na kuuliza. Baada ya dakika 20 hivi, mnabadilishana. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Hii 50 ni ya nini?” Mimi nilijua, lakini msimbo wangu haukusema popote. Ukilazimika kumweleza mwenzako, unagundua mahali ambapo hata wewe hukuelewa.

2. Andika majaribio kabla ya kugusa kitu

Tuliandika mifano mitatu na majibu yake:

- Amelipa Sh500 kwa wakati: hana deni.
- Amelipa Sh300 kwa wakati: anadaiwa Sh200.
- Amechelewa na hajalipa kitu: anadaiwa Sh600.

Kompyuta inapitia mifano hii yote kila unapobadilisha kitu. Jibu moja likienda kombo, unajua papo hapo, kabla mwanachama hajakupigia simu.

3. Safisha bila kubadilisha matokeo

Waandishi wa programu huiita kazi hii rifaktaringi. Martin Fowler aliichapishia kitabu kizima mwaka 1999. Wazo ni rahisi: unapanga msimbo upya usomeke vizuri, lakini majibu yanabaki yaleyale.

Baada ya kurekebisha ile sehemu niliyoisahau, tuliipa faini jina, FAINI_YA_KUCHELEWA, tukaiweka mahali pamoja, na sehemu zote tatu zikawa zinasoma hapo. Hatua ndogo, majaribio, hifadhi. Hatua nyingine, majaribio, hifadhi.

Kumbuka: usisafishe na kuongeza kitu kipya kwa wakati mmoja. Mambo yakiharibika, hutajua kilichoharibu ni kipi.

4. Pesa ihesabu kwa senti

Ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2, inakupa 0.30000000000000004. Kwa hesabu za watu, hiyo si mchezo. Hifadhi Sh500 kama senti 50000, namba nzima isiyo na nukta. Weka nukta tu wakati wa kumwonyesha mtu.

5. Shiriki msimbo, usishiriki siri

Unapomwonyesha mwenzako kazi yako, tumia majina na namba za simu za kubuni. Taarifa za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na PIN yako? Hiyo haiingii kwenye programu yoyote unayoandika, wala haionyeshwi rafiki, hata awe fundi namna gani.

Jaribu wiki hii

Chukua programu moja uliyoandika zamani, mwite rafiki, mtafute namba moja inayojirudia. Ipeni jina, iwekeni mahali pamoja, kisha mwangalie kama majibu yamebaki sawa.

Siku hizi yule mama huniuliza, “Ile mashine yako imeamkaje leo?” Tunacheka. Lakini kabla sijamjibu, huwa nimeshapitisha majaribio yangu.