Msongo wa Mawazo, Presha na Sukari Mwilini

Mtu akishtuka, moyo humwenda mbio, kinywa hukauka na njaa hupotea. Hayo si maradhi, ni mwili unajiandaa kupambana au kukimbia. Mmoja wa waliochunguza jambo hili mapema ni Walter Cannon, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19, akimtazama paka kwa eksirei, aliona tumbo linaacha kusaga chakula mnyama anapoingiwa na woga au hasira, kisha linaendelea na kazi akitulia. Mwaka 1915 alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko hayo na nafasi ya homoni ya adrenalini.

Adrenalini hutoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Huufanya moyo upige kwa nguvu na mishipa mingi ya damu ijibane, na presha hupanda papo hapo. Tezi hizohizo hutoa pia kotisoli, ambayo hukawia zaidi mwilini. Kotisoli huliagiza ini limwage sukari kwenye damu na hupunguza nguvu ya insulini, ili misuli na ubongo visikose nishati. Kwa anayemkimbia nyoka, mpango huu ni mzuri sana: sukari inatumika, hatari inapita, vipimo vinarudi chini. Anayewaza kodi ya nyumba hakimbii popote. Sukari iliyomwagwa haina kazi ya kufanya, na kesho wazo ni lilelile. Kotisoli ikibaki juu kwa muda mrefu, mafuta hujazana tumboni na insulini huzidi kushindwa kazi. Hiyo ni njia mojawapo ya kuelekea kwenye kisukari.

Ushahidi mmoja wa kuvutia ulipatikana Kenya. Kuanzia mwaka 1978, Robert Sapolsky, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichunguza nyani wa Masai Mara kwa miaka mingi. Aliwapiga sindano ya usingizi kwa kupuliza mrija, tena kwa kuwavizia, maana nyani aliyekwisha kushtuka angeharibu kipimo; kisha akawatoa damu. Nyani wa huko hawahangaiki kutwa nzima kutafuta chakula, hivyo wana muda wa kutosha wa kusumbuana. Katika makundi yaliyotulia, madume ya ngazi ya chini yalionekana kuwa na kotisoli nyingi zaidi, presha ya juu zaidi na upungufu wa kolesteroli ile nzuri. Lakini cheo hakikuamua kila kitu. Ugombeaji wa madaraka ulipopamba moto, wakubwa nao walielemewa, na dume lililokuwa na wenza wa kukaa nao na kuchambuana manyoya lilikuwa na kotisoli kidogo.

Binadamu si nyani, na msongo hauleti presha peke yake. Utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa mwaka 1990, uliwafuatilia Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Presha yao ilikuwa juu kuliko ya waliobaki nyumbani, na tofauti ilijitokeza mapema baada ya kuhama. Mapigo ya moyo yaliongezeka, uzito pia, na mkojo ulionyesha kuwa sasa walikula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo. Jijini, hofu za maisha na chakula kipya vilikuwa vimewafikia pamoja.

Kwa hiyo kaya inayotaka kujikinga huanzia pande zote mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye mkate na viungo vya mchuzi vya pakiti. Kutembea haraka kwa dakika 150 kwa wiki huitumia ile sukari iliyomwagwa. Usingizi wa kutosha na mtu wa kumweleza yaliyo moyoni si anasa. Pombe na sigara, zinazosifiwa kwa kutuliza mawazo, hudhuru moyo na mishipa.

Presha haipimwi kwa kichwa kuuma. Wengi huwa nayo bila dalili yoyote. Kabla ya kupima, mtu akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umewekwa usawa wa moyo. Kahawa na sigara viepukwe kwa nusu saa. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini 90, na ikijirudia siku nyingine, hiyo ni presha ya kupanda. Aliyeandikiwa dawa huendelea nazo hata vipimo vikishuka, kwa kuwa mara nyingi vimeshushwa na dawa hizohizo; kubadilisha au kuacha ni uamuzi wa kufanywa na daktari. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakiwa mazito au kifua kikibana, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.