Kabla Hujampa Fundi Kamera: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kila msimu wa harusi Mombasa huja na malalamiko yale yale. Kamera imezima bibi harusi akiingia ukumbini, fundi anadai nusu ya bei yake, na wiki moja baada ya kulipwa kioo kinarudi kuwa cheusi. Mpiga video hulaumu kamera, kisha fundi, kisha joto. Lakini yeye mwenyewe alinunua bila kuuliza na akatengenezesha bila maandishi. Yanayofuata si ya kuchagua linalokupendeza. Yafuate yote.

MAMBO YA KUFANYA

1. Uliza bei ya matengenezo kabla ya bei ya kamera. Vinavyosumbua sana kwenye kamera ya video ni kioo, mota ya lenzi na, kwa zile za kaseti, kichwa kinachosoma kaseti. Waulize mafundi wawili bei ya kila kimoja. Wakikwambia spea haipatikani mpaka ing'olewe kwenye kamera nyingine, usinunue, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

2. Ijaribu palepale dukani. Rekodi dakika kumi, vuta picha karibu na uirudishe mbali, kisha icheze yote na usikilize sauti. Hakikisha ni ya mfumo wa PAL. Kamera zilizotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani huwa za NTSC, na chini ya taa za umeme wetu wa hezi 50 picha zake zinaweza kupepesa.

3. Tafuta ubovu mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi. Kioo kikiwa cheusi, chungulia kwenye kitundu cha jicho. Ukiona picha humo, kamera yenyewe ni nzima. Tatizo liko kwenye kioo au kwenye utepe wa nyaya unaopita ndani ya bawaba yake, ambao mafundi huuita fleksi. Utepe huo ni mwembamba kama karatasi, na hupinda kila unapofunua kioo, mpaka uzi mmoja wa shaba unakatika. Funua kioo polepole, kisha kizungushe. Picha ikirudi katika pembe fulani na kupotea katika nyingine, ni fleksi, na usikubali kuuziwa kioo kizima. Soma pia alama zinazotokea. Kwenye kamera za kaseti za Sony, C:21:00 ni unyevu: toa kaseti, zima, ngoja saa moja. C:22:00 ni kichwa kichafu. Zinazoanza na E ndizo za kumpelekea fundi.

4. Andikianeni. Karatasi iwe na nambari ya kamera, ubovu, bei, siku ya kuichukua, na kila ulichoacha: betri, chaja, mkoba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya kulinda watumiaji wa bidhaa ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo, na inamtaka fundi atoe makadirio kabla ya kudai malipo. Kifaa kilichobadilishwa, dai kile cha zamani ukione.

5. Ikinge na unyevu. Hewa ya pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, na kuusafisha ni lazima lenzi ifunguliwe. Weka vifuko vya kukausha unyevu kwenye mkoba na uvibadilishe. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache kamera mkobani zipu ikiwa imefungwa mpaka ipate joto la nje.

6. Tafuta tangazo la kampuni kuhusu toleo lako. Mwaka 2005 kampuni kadhaa, zikiwemo Sony na Canon, zilikiri kwamba vihisi vya picha vilivyotengenezwa na Sony vilikuwa vikiharibika mahali penye joto na unyevu, na zikavibadilisha bure. Aliyekimbilia fundi wa mtaani bila kuuliza alilipia kosa la kiwandani.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usimpe fundi kamera yenye kadi au kaseti ndani. Katika sherehe za kupamba, kina mama huvua mabuibui kwa sababu ukumbi ni wao peke yao. Picha hizo zikivuja kutoka mezani kwa fundi, atakayeulizwa ni wewe, na hakuna bei ya kurudisha heshima ya watu.

2. Usilipe zote mwanzo. Toa ya spea, iliyobaki umalizie baada ya kuijaribu kamera mbele yake.

3. Usisugue kichwa kwa kijiti cha pamba. Kwenye kamera za kaseti za MiniDV kichwa huzunguka mara 9,000 kwa dakika, na unyuzi mmoja wa pamba unatosha kukiharibu. Tumia kaseti ya kusafishia, kwa sekunde chache, nayo usiirudie ovyo kwa sababu hukwangua.

4. Usiende harusini na kamera iliyotoka kwa fundi jana. Irekodishe nyumbani saa nzima kwanza. Na usiende na moja.

5. Usitengeneze kwa zaidi ya nusu ya bei ya kupata nyingine kama hiyo. Ukidaiwa zaidi, iuze kama spea.

6. Usinyamaze ukidhulumiwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na fidia ya hasara itokanayo na kasoro zake. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Unachohitaji ni risiti na ile karatasi ya makubaliano. Kwa hiyo usiondoke dukani kwa fundi kabla hajaitia sahihi, hata kama ni rafiki yako.