Kufundisha Maneno ya Kiingereza Yenye Herufi "OUGH"

Mtoto aliyekwisha kujua kusoma Kiswahili huingia katika somo la Kiingereza akiwa na kanuni moja aliyoizoea: neno hutamkwa kama lilivyoandikwa. Kanuni hiyo imemfaa sana. Akikutana na neno "lugha" au "thelathini" kwa mara ya kwanza, aweza kulisoma bila kusaidiwa. Lakini akifikia maneno ya Kiingereza "cough", "though" na "through", kanuni hiyo haimsaidii tena. Herufi nne za mwisho ni zile zile, bali sauti zake ni tatu mbalimbali. Katika makala haya tutaeleza asili ya tatizo hili, kisha tutapendekeza njia ya kufundisha maneno hayo.

Asili ya tatizo

Zamani herufi "gh" katika maneno hayo zilikuwa na sauti iliyokaribia "kh" ya jina "Khamis". Waskoti wangali na sauti hiyo katika neno "loch", yaani ziwa. William Caxton alianzisha kazi ya kupiga chapa huko Westminster, Uingereza, mwaka 1476. Kadiri vitabu vilivyoenea, tahajia ilizidi kuwa ya namna moja, ilhali matamshi yaliendelea kubadilika. Katika maneno mengine sauti ya "gh" ilitoweka kabisa; katika mengine iligeuka kuwa "f". Irabu nazo zilibadilika. Kwa hiyo maandishi tunayoyasoma leo yametunza matamshi ya watu wa kale.

Makundi ya maneno

Mwalimu ayapange maneno haya kwa sauti zake, wala si kwa herufi zake:

1. "Bought" (alinunua), "brought" (alileta), "thought" (alifikiri), "fought" (alipigana). Husikika "o" ndefu, kisha "t".

2. "Rough" (-enye kukwaruza), "tough" (-gumu), "enough" (-a kutosha). Mwisho wake hukaribia "af".

3. "Cough" (kohoa). Mwisho wake hukaribia "of".

4. "Though" na "although" (ingawa). Huishia kwa "o". Na "th" yake ni "dh" ya "dhahabu".

5. "Through" (kupitia). Huishia kwa "u" ndefu. Na "th" yake ni ile ya "thelathini".

6. "Plough". Hili si geni, kwani ndilo lililotupa neno "plau". Pamoja nalo liwekwe "drought" (ukame), ambalo kwa macho hufanana na kundi la kwanza, lakini kwa sikio ni la kundi hili.

Hatua za somo

Yafaa kuanza na kundi la kwanza, kwa kuwa lina maneno mengi ambayo mtoto huyahitaji kila anapoeleza mambo ya jana. Kila somo lishughulikie kundi moja tu. Mwalimu anayeandika makundi yote sita ubaoni kwa pamoja huwashangaza wanafunzi, lakini hawafundishi.

(a) Kusikia. Madaftari yakiwa yamefungwa, mwalimu aigize kununua kalamu kwa mwanafunzi, kisha aseme: "I bought a pen." Darasa lirudie, halafu mwanafunzi mmoja mmoja.

(b) Kuona. Baada ya masikio kuzoea, aonyeshe neno katika kadi. Lisomwe zima, bila kukatwa herufi moja moja.

(c) Kutumia. Wanafunzi watunge sentensi zao wenyewe kwa mdomo.

(d) Kuandika. Imla iwe ya sentensi fupi, si ya maneno matupu, kwani maana humsaidia mtoto kukumbuka tahajia.

Tahadhari

Matamshi tuliyoyaeleza kwa herufi za Kiswahili ni ya kumsaidia mwalimu. Asiandike "raf" ubaoni ili kuonyesha "rough", kwa sababu mtoto huamini ubao na atainakili tahajia hiyo.

Tena, makosa yachunguzwe kabla ya kusahihishwa. Mtoto anayesoma "cough" kwa "gh" ya "ghali" hakukosa akili. Amefuata kanuni tuliyomfundisha sisi wenyewe. Anayeipa "cough" sauti ya "through" amechanganya makundi, naye apewe kadi azipange upya. Anayesema "sru" badala ya "through" ana tatizo jingine: huenda hata "thelathini" huitamka "selasini", na dawa yake ni zoezi la sauti ya "th". Makosa matatu hayo hayawezi kuponywa kwa dawa moja.

Zaidi ya yote, mtoto asichekwe wala asiadhibiwe kwa makosa haya. Akichekwa leo, kesho hatasoma kwa sauti. Na asiposoma kwa sauti, mwalimu hatajua asichokijua. Atanyamaza hadi siku ya mtihani, na wakati huo kumsaidia kutakuwa kugumu.

Mazoezi kwa mwalimu mwanafunzi

1. Tayarisha andalio la somo la kipindi kimoja kuhusu kundi la pili. Taja vitu halisi utakavyotumia kuonyesha maana ya "rough" na "enough".

2. Tunga imla ya sentensi tano kwa kundi la kwanza.

3. Utakapokuwa katika mazoezi ya kufundisha, andika makosa ya wanafunzi kumi katika kusoma maneno haya, kisha ueleze chanzo cha kila kosa.