Kulinganisha Kumbukumbu na Utaratibu: Somo kutokana na Mikopo ya Asilimia 10

Kila huduma ya Halmashauri ina pande mbili. Upande wa kwanza ni utaratibu uliowekwa: hatua zinazopaswa kufuatwa, mpangilio wake na anayewajibika kwa kila hatua. Upande wa pili ni kumbukumbu: fomu, mihtasari ya vikao, mikataba, hati za malipo na taarifa zilizoingizwa katika mfumo wa kompyuta. Kulinganisha pande hizo ni kazi ya kila siku ya mkaguzi wa ndani, lakini hata kiongozi wa kikundi katika Kata ya Matiri anaweza kuifanya.

Mfano ulio karibu na wananchi ni mikopo isiyo na riba. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo ili kuweka utaratibu bora zaidi, kisha mwaka 2024 ikairejesha.

Kwa muhtasari, kikundi husajiliwa, huwasilisha maombi, hutembelewa na kuhakikiwa katika ngazi ya kata, maombi huamuliwa na Halmashauri, mkataba husainiwa, fedha huingizwa katika akaunti ya kikundi, na marejesho huanza.

Anayekagua huchukua jalada moja, huorodhesha kila tukio na tarehe yake, kisha hulipitisha katika hatua hizo moja baada ya nyingine. Hujiuliza maswali manne. Je, kuna hatua iliyorukwa? Je, mpangilio umegeuzwa? Je, aliyesaini ndiye mwenye mamlaka? Je, muda uliowekwa umezingatiwa?

Tuchukue jalada la kubuni la kikundi cha wafugaji wa nyuki: usajili 3 Machi, maombi 10 Machi, uamuzi 6 Mei, malipo 20 Mei, mkataba 2 Juni. Kasoro ni mbili. Kwanza, uhakiki wa kata haumo. Huenda kikundi hakikutembelewa, au kilitembelewa na taarifa haikuandikwa. Jalada peke yake haliwezi kuamua jambo hilo. Ni lazima kwenda kijijini. Pili, malipo yametangulia mkataba. Fedha za umma zilitoka kabla kikundi hakijafungwa na sharti la kurejesha, na kwa siku 13 Halmashauri haikuwa na hati ya kudai deni hilo.

Jalada lisilo na kasoro nalo huhitaji uangalifu. Hatua zote zikiwa zimesainiwa siku moja, kwa mwandiko mmoja, mpangilio unaweza kuwa sahihi ilhali kikundi chenyewe hakipo. Kumbukumbu huonyesha kilichoandikwa tu.

Aidha, iwapo majalada mengi yanapotoka mahali pamoja, chanzo huenda si watumishi. Kama ziara huchelewa kila masika kwa sababu barabara hazipitiki, utaratibu wenyewe ndio unaopaswa kurekebishwa na wenye mamlaka, badala ya hatua hiyo kurukwa kimyakimya.

Mantiki hiyo ndiyo inayotumiwa na programu za kompyuta zinazopitia maelfu ya kumbukumbu kwa pamoja. Msingi wake mmojawapo ni michoro ya hatua iliyoasisiwa na Mjerumani Carl Adam Petri mwaka 1962.

Vikundi vinashauriwa kutunza nakala zenye tarehe za hati ya usajili, maombi, taarifa ya uhakiki, mkataba na risiti za marejesho. Penye hatua isiyoeleweka, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata aulizwe kabla ya kusaini. Marejesho hayo ndiyo yanayowezesha kikundi kinachofuata kukopeshwa.