Theluji na Joto la Ardhi Iliyoganda

Mwaka 1828 Fyodor Shergin alianza kuchimba kisima mjini Yakutsk, katika Siberia ya Urusi. Kufikia mwaka 1837 shimo lilikuwa na kina cha meta 116, na udongo ulikuwa ungali umeganda. Ardhi ambayo joto lake halizidi nyuzi 0 za Sentigredi kwa miaka 2 mfululizo au zaidi huitwa ardhi iliyoganda daima. Ni tabaka lake la juu tu linaloyeyuka wakati wa kiangazi.

Yaweza kudhaniwa kwamba joto la ardhi hiyo hulingana na la hewa iliyo juu yake. Sivyo. Mjini Yakutsk hewa ya Januari hushuka chini ya nyuzi -40, lakini kwa wastani wa mwaka mzima ardhi huizidi hewa joto kwa nyuzi kadhaa. Sababu kubwa ni theluji. Theluji mpya hunasa hewa nyingi kati ya chembe zake, na hewa hupitisha joto kwa shida. Hivyo barafu tupu hupitisha joto mara 20 hivi kuliko theluji mpya. Blanketi halizalishi joto, bali huzuia joto la mwili lisipotee. Ndivyo theluji inavyohifadhi joto ambalo ardhi ililipata kiangazi.

Wakati nao una maana. Theluji nene ikianguka mapema, ardhi hukingwa na baridi kali. Ikichelewa, baridi hupenya chini sana. Theluji ikidumu hadi mwisho wa majira ya baridi, hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na kuchelewesha ardhi kupata joto.

Wajenzi wa Yakutsk huyatumia maarifa haya. Majengo mengi husimama juu ya nguzo, ili hewa baridi ipite chini yake, mahali pasiporundikana theluji. Ardhi ikiyeyuka, misingi hudidimia na kuta hupasuka. Hatari nyingine ni ya dunia nzima: ardhi hizo hukadiriwa kuwa na kaboni tani bilioni 1,500 hivi, karibu mara 2 ya ile iliyomo hewani. Udongo ukiyeyuka, vijidudu huozesha mabaki ya mimea, na gesi za kaboni huzidisha joto la dunia.

Kwa hiyo kipimajoto cha hewa peke yake hakitoshi. Sharti kina cha theluji pia kipimwe.

Zoezi: Bonde limejaa theluji, na juu ya kilima cha jirani upepo huipeperusha yote. Ikiwa joto la hewa ni sawa, ardhi ipi itakuwa baridi zaidi, na kwa nini?