Kiini na Kerneli: Istilahi za Utengaji wa Viini vya Prosesa na Mfano wa Kibanja cha Wahaya

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za kompyuta kwa Kiswahili umeelekezwa zaidi kwenye yale ayaonayo mtumiaji juu ya skrini. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia programu za ofisini. Sehemu za ndani za mfumo endeshi hazikupata uangalizi wa kiasi hicho. Makala haya yanachunguza dhana moja ya huko ndani, yaani kutenga baadhi ya viini vya prosesa kwa ajili ya kazi maalumu. Yanadai kwamba uteuzi wa istilahi hapa si suala la ladha: istilahi ikikosewa, somo lenyewe hupotoka. Mifano inatoka Bukoba na Muleba mkoani Kagera, kwenye wasemaji wa Kihaya, lugha iliyokwisha kuipa sarufi ya Kiswahili istilahi yake mashuhuri, ngeli.

2.0 Dhana yenyewe

Prosesa ya siku hizi huwa na viini kadhaa, na kila kiini huweza kutekeleza maagizo yake pasipo kungoja vingine. Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, sehemu inayogawa zamu kwa programu ni kerneli. Kwa kawaida kerneli huhamisha kazi kutoka kiini kimoja hadi kingine ili mzigo ulingane. Utaratibu huo hufaa kazi nyingi, lakini hauifai kazi isiyovumilia kucheleweshwa, kama vile kurekodi sauti moja kwa moja au kuongoza mtambo.

Utengaji una hatua tatu. Kwanza, kigezo isolcpus=2,3, ambacho kerneli hukisoma kompyuta inapowashwa, huviondoa kiini cha 2 na cha 3 katika usawazishaji wa mzigo. Pili, kigezo nohz_full=2,3 hushughulikia mpigo wa saa, ambao kwa kawaida hukikatiza kiini chenye kazi mara 100 hadi 1000 kwa sekunde kulingana na usanidi. Mpigo huo husita pale tu kiini kinapokuwa na kazi moja. Tatu, kigezo irqaffinity=0,1 huelekeza makatizo ya vifaa kwenye viini vya 0 na 1. Hivi hubaki kuwa viini vya utumishi, na ni lazima kibaki angalau kimoja cha kutunza saa.

3.0 Mgongano wa istilahi

Kiingereza kina maneno mawili tofauti kwa programu inayotawala na kwa sehemu ya prosesa inayotawaliwa. Mfasiri akiyatafuta katika Kiswahili, yote mawili humpeleka kwenye neno moja: kiini. Matokeo yake huonekana katika sentensi ifuatayo:

(1) Kiini kimekitenga kiini.

Kiambishi cha mtenda ni ki-, na cha mtendwa ni ki-. Sarufi haimwambii msomaji ni kipi kilichotenga na ni kipi kilichotengwa. Amebakiwa na mpangilio wa maneno tu, na nomino zikidondoshwa, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, hata msaada huo hutoweka. Linganisha:

(2) Kerneli imekitenga kiini.
(3) Imekitenga.

Hapa i- na -ki- zinabainisha mtawala na mtawaliwa hata pasipo nomino yoyote. Utohozi kwa kawaida huonwa kuwa kimbilio la mwisho baada ya msamiati wa Kiswahili na wa lugha nyingine za Kibantu. Katika mfano huu, hata hivyo, neno lililotoholewa linaingia katika ngeli nyingine na hivyo kuokoa upatanisho wa kisarufi. Kukopa umbo sambamba la Kihaya lenye ki- katika umoja na bi- katika wingi kusingesaidia, kwani lingeangukia ngeli ileile.

4.0 Kutenga na kutengewa

Unyambuaji nao una mchango wake. Kiini kilichotengwa kimeepushwa na kazi za jumla, lakini hakijapewa kazi yoyote. Kigezo isolcpus hufanya hivyo tu. Ili programu itengewe kiini, ni lazima iwekwe hapo kwa amri nyingine, kama vile taskset. Mwanafunzi asiyetofautisha tendwa na tendea atadhani hatua ya kwanza inatosha, na atakuta viini vyake viwili vimekaa bure huku programu ikisongamana na nyingine kwenye viini vya utumishi. Isitoshe, programu yenye nyuzi nyingi ikiruhusiwa kutumia viini vyote viwili, nyuzi hizo zaweza kurundikana kwenye kimoja, kwa kuwa usawazishaji umekwisha kuondolewa.

5.0 Mfano wa kibanja

Mwanafunzi wa Bukoba au Muleba anazo tayari dhana mbili za kumsaidia. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Rweya ni uwanda wa nyasi ulio nje yake. Nyasi za rweya hukatwa na kutandazwa kibanjani, na ng'ombe waliolishwa rweya huleta samadi. Rutuba ya kibanja, basi, hulipiwa na rweya. Vivyo hivyo, utulivu wa viini vilivyotengwa hulipiwa na viini vya utumishi, ambavyo hubeba makatizo ya vifaa. Anayetenga viini sita kati ya vinane asishangae mashine ikizorota kwingineko.

Mfano huu una mpaka wake. Kibanja hustawi kwa mchanganyiko: migomba, kahawa na maharage hukaa pamoja. Kiini kilichotengwa hunufaika kikiwa na zao moja, kwani kazi ya pili ikiingia, mpigo wa saa hurejea. Mwalimu hana budi kuutaja mpaka huo waziwazi.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kiini kibaki kuwa istilahi ya sehemu ya prosesa, kerneli iwe istilahi ya programu tawala, na tofauti ya kutengwa na kutengewa izingatiwe katika ufundishaji. Kigezo cha kupima istilahi kisiwe asili ya neno peke yake. Istilahi ipimwe ndani ya sentensi, pamoja na viambishi vyake, maana ni humo msomaji anamojua nani amemtenda nani.